Dishi la Machifu

Mwaka 2023 manowari ya Marekani iitwayo USS Manchester ilikuwa ikizunguka magharibi ya Bahari ya Pasifiki, upande ambao Marekani na China huangaliana kwa jicho la pembeni. Kwa umri wa manowari, hii ni meli changa, ilikabidhiwa jeshini mwaka 2018. Ina urefu wa mita 127, mwili wake ni wa aluminiamu, na chini imegawanyika mapande matatu kama ngalawa na matengo yake. Hukimbia zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Kwenye sitaha yake pana ya nyuma hutua helikopta na ndege zisizo na rubani. Juu pamejaa antena za kila namna, za rada, za redio, za setilaiti za jeshi, na kati ya antena hizo kulikuwa na moja ambayo nahodha hakuijua.

Walioiweka ni machifu wa meli hiyohiyo.

Chifu katika jeshi la majini la Marekani si afisa aliyetoka chuoni na nyota begani. Ni baharia aliyeanza chini kabisa, akapanda ngazi mwaka baada ya mwaka, mpaka akawa mtu ambaye vijana wanamwogopa kuliko nahodha. Nahodha wanamwona kwa nadra, chifu wanamwona kila asubuhi. Ukimlinganisha na majeshi yetu, yuko pale wanapokaa masajini wakongwe na maafisa wateule. Yeye ndiye hukagua kitanda kimetandikwaje, viatu vimeng'arishwaje, na simu ziko wapi wakati wa kazi. Kwa hiyo amri ya kutotumia mawasiliano yasiyoidhinishwa melini, ambayo askari yeyote huisikia tangu siku ya kwanza, mtu wa kuisimamia kila siku ni chifu.

Mkuu wa machifu wote wa Manchester alikuwa mwanamke mwenye uzoefu wa kazi za ujasusi wa majini. Jina lake limo katika kumbukumbu za mahakama, lakini halitatuongezea kitu hapa. Kabla ya meli kuondoka, kilinunuliwa kifaa cha Starlink cha dola 2,800 kwa akaunti ya mtu binafsi. Dishi lake ni bapa, la sentimita 57 kwa 51 hivi. Likafungwa sitaha ya juu, mahali panapoona anga, na machifu zaidi ya 15 wakapata waifai. Waliitumia kuangalia matokeo ya michezo, kuandikiana na nyumbani na kutazama filamu. Nayasema haya mapema ili msomaji asitarajie majasusi wa kigeni. Hakukuwa na aliyeuza nchi. Walikuwa watu wazima waliotaka kujua nani kafunga bao.

Wasomaji wa Kenya wanalijua dishi hilo. Huduma ya Starlink ilifunguliwa kwao Julai 2023, wakati uleule ambao machifu walikuwa wakilitumia baharini kwa kificho. Tofauti yake na intaneti ya setilaiti ya zamani ni umbali. Zamani mitambo ilitundikwa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako hupanda hadi huko, hushuka kwenye kituo cha ardhini, jibu nalo hupanda na kushuka, na karibu nusu sekunde imekwisha kabla hujaona herufi ya kwanza. Kuzungumza kwa njia hiyo ni kukatishana maneno tu. Kampuni ya SpaceX ya Elon Musk ikapita njia nyingine. Mei 2019 roketi yake ya Falcon 9 ilipandisha setilaiti 60 kwa mpigo, kisha ikaendelea hivyo hadi zikafika maelfu, nyingi zikizunguka kilomita 550 hivi kutoka ardhini. Kipande cha chini cha roketi hiyo hurudi, hutua wima na kutumika tena, na bila hilo gharama ya kurusha setilaiti nyingi kiasi hicho isingevumilika. Dishi nalo halihitaji fundi wa kuligeuzageuza. Lenyewe hutafuta setilaiti inayopita, na hii ikizama hushika nyingine.

Urahisi huo ndio uliowaponza. Miaka kumi kabla yake, kufunga mtambo wa setilaiti kwa siri kwenye manowari kungehitaji kikosi cha mafundi. Sasa kunahitaji kadi ya benki, skrubu chache na usiku wenye walinzi wazembe.

Lakini dishi la Starlink si kama lile la televisheni lililo juu ya bati. La televisheni hupokea tu. Unaweza kutazama taarifa ya habari au tamthilia ya Kituruki na anga lisijue. La Starlink hupokea na kutuma. Huongea na setilaiti mfululizo, na kwa manowari kuongea ni kujitaja ilipo. Katika Vita vya Pili vya Dunia mabaharia wa misafara ya Atlantiki walikatazwa kuwasha hata sigara sitahani usiku. Mawimbi ya redio hayaonekani kwa macho, ila kwa mwenye kifaa cha kuyatafuta ni mwanga uleule. Isitoshe, simu kumi na kitu zilizounganishwa kwenye mtandao usiosimamiwa na mtu yeyote wa usalama ni milango kumi na kitu iliyoachwa wazi. Ndiyo maana meli huwa na watu maalumu wa kuamua lini izungumze na lini inyamaze. Machifu waliwaamulia watu hao bila kuwaambia.

Shida ya kwanza iliyowapata ilikuwa ya kawaida kabisa, na yeyote mwenye nyumba ya vyumba vingi anaijua: mtandao haufiki vyumbani. Meli ni aluminiamu kutoka juu hadi chini, na waifai haipendi kuta hizo. Basi meli ilipotia nanga Pearl Harbor, Hawaii, wakanunua vifaa vya kuongeza nguvu ya mawimbi pamoja na waya, wakavitandaza ndani. Mawimbi yakafika walikotaka yafike. Yakafika na kwingine.

Fikiria baharia wa miaka ishirini amekaa kitandani baada ya zamu. Anafungua simu kutafuta waifai, kwa mazoea tu, kama tufanyavyo sote hata mahali tunapojua hakuna. Kwenye kioo linatokea jina: STINKY. Yaani, kinachonuka. Yuko katikati ya bahari kuu, maelfu ya kilomita kutoka duka lolote la simu, na kuna waifai yenye kufuli na mawimbi yamejaa.

Hilo jina lina kisa chake. Starlink yenyewe iliwahi kuziwekea ruta zake jina hilo kwa makusudi, na Musk, mtu asiyeishiwa utani, alieleza kuwa lengo ni kumfanya mteja alibadilishe. Mteja wa kawaida angelibadilisha kwa aibu ya wageni. Machifu wa Manchester, wakiongozwa na mtu wa ujasusi, waliliacha likining'inia hewani kwa yeyote mwenye simu.

Mimi si dishi linalonikera zaidi, wala si jina. Linalonikera ni nenosiri. Vijana wa chini hawakupewa. Wao ndio waliokuwa na watoto wachanga ambao hawajawashika, wachumba wanaoanza kuchoka kusubiri, mama mgonjwa nyumbani. Wao ndio wangeadhibiwa mara moja kama mmoja wao angekamatwa na kifaa kidogo tu cha intaneti mfukoni. Na waliokuwa wakiwaadhibu walikuwa chumbani kwao wakitazama mechi. Mkubwa anayevunja sheria kwa ajili ya wote unaweza kumwelewa, hata kumtetea. Huyu anayeivunja kwa ajili ya meza yake, kisha anatoka nje kuisimamia kwa wengine, sina la kumtetea.

Vijana walianza kunong'ona. Minong'ono ikawafikia maafisa. Meli ikakaguliwa ndani na nje, dishi lisionekane. Kati ya antena zote zile, kidude bapa kimoja zaidi nani atakihesabu? Mkuu wa machifu aliulizwa, akakana. Kumbuka aliyeulizwa ni nani. Nahodha hakumuuliza mtuhumiwa. Alimuuliza mshauri wake mkuu kwa mambo ya mabaharia, mtu ambaye kazi yake ni kumletea habari za huko chini. Jibu lake lilikuwa na uzito wa cheo chake. Hapo uongo wa mtu mmoja ukawa taarifa rasmi ya meli.

Ndipo likaja jambo dogo ambalo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki. Melini kulikuwa na sanduku la maoni la nahodha. Sote tunalijua sanduku la namna hiyo: la mbao au bati, lina mwanya juu na kufuli pembeni, limetundikwa ukutani kwenye mapokezi ya hospitali, halmashauri, benki, shule. Baharia mmoja ambaye hadi leo umma haujamjua aliandika karatasi kuhusu waifai isiyoruhusiwa, akaitumbukiza humo. Alifanya kila alichofundishwa. Hakwenda kwa waandishi wa habari wala hakutukana mtu. Karatasi ikadakwa na mkuu wa machifu kabla nahodha hajaisoma.

Nadhani hapo ndipo meli ile ilipotoboka, ingawa haikuingia hata tone la maji.

Baada ya hapo kila hatua ilikuwa ya kuziba tundu lililotobolewa na hatua iliyotangulia. STINKY likabadilishwa, waifai ikapewa jina linalofanana na la printa isiyotumia waya. Wazo si baya, ila melini hakukuwa na printa za namna hiyo za matumizi ya wote. Kisha kukatengenezwa picha: ripoti ya matumizi ya data ya Starlink ikahaririwa ionekane kama kwamba kifaa kiliwashwa meli ikiwa bandarini tu, si baharini. Hebu tuliangalie hilo kwa utulivu. Mwanzoni kosa lilikuwa kufunga dishi. Sasa kuna kukana mbele ya nahodha, kuna karatasi ya askari iliyozuiwa, kuna jina la kupotosha, kuna ushahidi wa kughushi. Dishi halikuongezeka hata sentimita moja. La kuvunda halina ubani, na hapa mtu alikuwa akinunua ubani kila wiki.

Aliyefichua hakuwa mpelelezi. Tarehe 18 Agosti 2023 fundi wa kiraia kutoka kituo cha jeshi la majini kinachoshughulikia mifumo ya habari alikuwa akifunga Starshield. Hiyo ni huduma ya SpaceX hiyohiyo, iliyotengenezwa kwa ajili ya serikali na majeshi. Amekwenda juu kufunga antena iliyoruhusiwa, anakuta pana dada yake isiyoruhusiwa imeshakaa. Mambo yakaishia hapo. Intaneti halali ilikuwa imeshafika mlangoni. Wangevumilia miezi michache tu.

Mkuu wa machifu aliondolewa madarakani mwaka huohuo, na mwaka 2024 mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani na kumshusha cheo daraja moja. Machifu wenzake nao waliadhibiwa kwa utaratibu wa jeshi, na walikuwamo wale ambao hawakununua chochote wala kufunga skrubu hata moja. Kosa lao lilikuwa kujua na kukaa kimya, huku nenosiri likiwa kwenye simu zao.

Kisa kilipochapishwa kwa kirefu Septemba 2024, watu walicheka nchi nzima ya Marekani na nje yake. Hata kwetu, kwenye baraza za kahawa ambako vijana hubishania ndege za kivita za F-35 na Su-57 kama wabishanavyo Simba na Yanga, kisa cha manowari yenye waifai inayonuka kingekuwa kitoweo cha jioni nzima. Sikatazi kucheka. Lakini miezi michache kabla ya safari ile kulitokea jambo jingine ambalo halichekeshi. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, roketi za Ukraine zilipiga chuo cha ufundi mjini Makiivka, walimolala askari wa Urusi walioitwa jeshini karibuni. Wizara ya Ulinzi ya Urusi yenyewe ilikiri vifo 89, ikasema sababu kuu ni askari kuwasha simu zao kinyume cha amri. Wafuatiliaji wa vita wa Kirusi hawakukubali kirahisi. Walihoji nani aliyewarundika watu wengi kiasi kile katika jengo moja lenye risasi, na kwa nini lawama ishuke kwa wafu. Hoja hiyo nina huruma nayo. Hata hivyo inabaki kwamba katika vita ya leo simu inayotafuta mtandao ni taa, na kila jeshi linajua.

Intaneti ya setilaiti nayo iliingia vitani mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, mtandao wa setilaiti wa KA-SAT wa kampuni ya Viasat ulishambuliwa kwa udukuzi. Modemu za wateja zikafa, na kampuni moja ya Ujerumani, nchi isiyokuwa vitani, ikapoteza usimamizi wa mbali wa mitambo 5,800 ya umeme wa upepo. Siku mbili baadaye waziri mmoja wa Ukraine alimwomba Musk hadharani apeleke Starlink, na vifaa vikaanza kuingia. Tangu hapo dishi lile limekuwa kifaa cha vita. Mtu wa ujasusi mwaka 2023 alilijua hilo kuliko mimi na wewe.

Katika majira hayohayo, upande wa anga, kulikuwa na kijana wa miaka 21, Jack Teixeira, mwanajeshi wa akiba wa jeshi la anga katika kambi ya Otis, Massachusetts. Kazi yake ilikuwa kutunza kompyuta za kitengo cha ujasusi, hivyo alipewa idhini ya kuona siri za juu kabisa. Alikuwa na kikundi cha marafiki wa mtandaoni, wengine vijana wa shule, waliokutanishwa na bunduki na michezo ya kompyuta. Ili aonekane anajua, akaanza kuwaandikia yaliyomo kwenye nyaraka za siri, na baadaye akawapigia picha kurasa zenyewe, nyingine za hali ya vita ya Ukraine. Mmoja akazitoa nje ya kikundi, na Aprili 2023 dunia ikawa inazisoma. Alikamatwa Aprili 13, akakiri makosa sita, na Novemba 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 15.

Hukumu hiyo watu huikumbuka. Wasichokumbuka ni kwamba kabla ya kukamatwa wakubwa wake walikuwa wamemwona akiandika kutoka kwenye taarifa za siri zisizomhusu, wakamwonya kwa mdomo, wakamwona tena. Uchunguzi wa jeshi la anga uliotolewa Desemba 2023 ulieleza kuwa baadhi yao hawakupeleka taarifa kwa makusudi, kwa hofu kwamba watu wa usalama wangelikuza jambo. Askari 15 waliadhibiwa kwa uzembe huo.

Ukiviweka visa hivi viwili pamoja, utaona kwamba watu waliojua walikuwa wengi na wa kuisimamia sheria walikuwapo kila mahali. Kimya cha kwanza kilikuwa cha kulinda starehe, cha pili cha kukwepa usumbufu. Na vyote viwili vilikaa kwa watu wa kati: si nahodha, si kijana wa chini, bali yule anayepaswa kuipitisha habari kutoka huku kwenda kule. Wabunge wakiunda tume huwa wanaanza na wakubwa. Mimi ningeanza na hawa.

Nimesoma watu wakisema machifu walionewa, kwamba binadamu wa leo hawezi kuwekwa miezi mingi baharini bila kusikia sauti ya nyumbani. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Kwenye meli za mizigo, wanakofanya kazi mabaharia wengi wa Mombasa, Tanga na Zanzibar, dunia imeikubali pia: marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Mabaharia yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanawataka wenye meli wawape mabaharia mawasiliano ya kijamii, intaneti ikiwemo, kadiri inavyowezekana, na kama kuna malipo yawe ya kiasi. Kenya na Tanzania zimeridhia mkataba huo. Baharia anayenyimwa ana mahali pa kushika. Lakini haki hiyo ilipatikana kwa vyama vya mabaharia kudai mezani, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya kila kitanda melini. Haikupatikana kwa wachache kujifungia waifai yao na kuipa jina la printa.

Na jeshi la Marekani lenyewe lilikuwa limeshaanza kuona haja hiyo. Starshield iliyokuwa ikifungwa siku ya fumanizi ni ushahidi. Kama mkuu wa machifu angemwendea nahodha na kusema vijana wanaumia, tutafute njia, angekuwa amefanya kazi aliyopewa cheo kwa ajili yake. Huenda angekataliwa. Angekataliwa akiwa na heshima zake, na karatasi ya yule kijana kwenye sanduku ingekuwa inamsaidia yeye.

Yule kijana ndiye simuachi. Sijui alijisikiaje wiki zilizofuata, akisubiri jibu ambalo halikuja, huku aliyeichukua karatasi yake akipita ukaguzini mbele yake. Katika taasisi zetu wako wengi kama yeye: muuguzi aliyeandika kuhusu dawa zinazotoka kwa mlango wa nyuma, mwalimu aliyeandika kuhusu fedha za chakula, karani aliyeandika kuhusu nyumba ya wageni inayolipiwa na ofisi. Waliandika mara moja, wakaona hakuna kilichotokea, hawakuandika tena. Tukawaita watu wasiojali.

Basi ukifika kazini kesho, simama mbele ya sanduku la maoni uulize linafunguliwa na nani, lini, na mbele ya nani. Ukiambiwa ufunguo anao mkuu wa idara ambayo malalamiko mengi huihusu, peleka ombi kwenye kikao kijacho: kufuli libadilishwe, sanduku lifunguliwe mbele ya watu wawili wasio wa idara moja, na kila karatasi iandikwe kwenye daftari kabla haijaondoka mezani. Na kama ufunguo huo unao wewe, usingoje kuombwa, urudishe.